Nilivyopanda Kitonga na silinda tatu

Kama hujawahi kupanda mlima Kitonga, ule wa njia ya Iringa, na pikapu ya zamani iliyojaa mzigo hutanielewa sana, ila waliopita wanajua, kona inafuata kona, upande huu ukuta wa mlima upande ule korongo, malori yamefuatana yanatambaa kama siafu, na huwezi kusimama maana nyuma yako kuna semi na dereva wake hana habari na shida zako. Sasa pale ndipo Hilux yangu ilipoamua kuanza kumisi, yaani silinda kuruka zamu yake ya kuwaka. Manyunyu yanadondoka, ukungu umeshuka mpaka barabarani, nimebeba mafuta ya kula, sabuni na misumari napeleka Ilula, niko gia ya pili nimekanyaga mafuta mpaka chini, mara gari ikashtuka, pu pu pu, nguvu ikapotea, ikarudi kidogo, ikapotea tena. Redio nayo, ambayo wiki nzima ilikuwa inaniletea krrrr kila nikikanyaga mafuta, siku hiyo ikawa inakatakata kwa mdundo uleule wa injini. Kumbe redio ilikuwa inanitajia ugonjwa. Mi nikaizima.

Kilichoniuma ni kwamba plagi, zile zinazorusha cheche ya kuwasha mafuta ndani ya silinda, zilikuwa mpya. Waya za plagi mpya. Siku tisa tu zilikuwa zimepita tangu nivifunge, tena kwa mkono wangu, afu nikapiga picha boneti ikiwa wazi nikawatumia washkaji kwenye grupu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Gari yenyewe ni Hilux ya kabureta, injini 22R, cc 2366, zile Toyota alizitengeneza kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 80 mpaka katikati ya 90, na wenye nazo mpaka leo wanajua kwamba haifi, ila inazeeka kwa kelele. Yangu ilikuwa imeanza kunywa mafuta kuliko kawaida na asubuhi ilikuwa ngumu kuwaka. Nikiwa Dar nimefuata mzigo nikapita Gerezani kwenye vipuri, nikaingia duka moja (sitalitaja, na wala halina upekee, yako mengi) nikasema nataka plagi za 22R. Kijana wa dukani akanitazama kama mtu aliyekuja harusini na kandambili. "Bro, bado unafunga plagi za kawaida? Chukua zenye ncha ya iridiamu. Na hizo waya nyeusi toa, funga hizi." Akashusha seti ya waya nyekundu nene kama kamba ya kufungia ng'ombe, imeandikwa kwa herufi nyeupe maneno ya mashindano ya magari. Nikaona kabisa gari yangu inaenda kuruka. Nikatoa hela.

Na kweli siku za mwanzo niliona mabadiliko, au nilijiaminisha nimeona. Barabara ya Chalinze mpaka Morogoro tambarare, gari iko poa. Mikumi poa. Ruaha Mbuyuni poa. Kitonga ndio ikakataa.

Jinsi nilivyofika juu ni hivi: nikarudi gia ya kwanza, nikapunguza mafuta nikawa nakanyaga kidogo tu, na cha ajabu kumisi kukapungua. Nikikanyaga sana inamisi, nikikanyaga kidogo inatulia. Wakati ule sikujua maana yake, nilikuwa namwomba Mungu tu. Semi la nyuma lilinipigia honi mpaka nikazizoea. Saa kumi jioni nikaingia Ilula, nikashusha mzigo, nikaulizia fundi wa petroli, sio wa dizeli, nikaelekezwa kwa mzee mmoja gereji yake iko chini ya mikaratusi, ana benchi moja na boksi la spana lililochakaa.

"Kamwene, mzee," nikamsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene. Gari inasemaje?"

"Inamisi mlimani mzee. Tambarare haina shida."

Hakufungua boneti. Akauliza, "Juzijuzi umebadilisha nini?"

Aisee. Nilivyomwambia plagi na waya akatabasamu kidogo, akafuta mikono, ndio akafungua. Akaziangalia zile waya nyekundu muda mrefu bila kusema kitu, akasema, "Mwanangu, hizi umenunua kwa macho."

Kazi yake ya kwanza ikawa kuchomoa plagi na kuzipanga kwenye gazeti kwa mpangilio wake, ya kwanza mpaka ya nne. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, ile rangi ya chai ya maziwa, ambayo ndio unayoitaka. Ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi imelowa petroli inanuka. Mimi nikasema hiyo ndio mbovu, tutafute nyingine. Akakataa. Akaikausha, akaihamishia silinda ya pili, na ile ya pili akaipeleka ya tatu, akanituma nizungushe gari kwenye kipandio cha karibu. Niliporudi tukachomoa tena, na iliyolowa ilikuwa ya silinda ya tatu. Yaani plagi ile niliyoitukana ilikuwa inachoma vizuri kwenye nyumba mpya, na nzima ilikuwa imezimika kwenye nyumba ya zamani. Ugonjwa ulibaki palepale silinda ya tatu, plagi ndio ilihama. Kabureta inalisha silinda zote kwa hiyo sio mafuta. Kilichobaki ni waya.

"Tusubiri giza," akasema. Tukanywa chai.

Saa moja na nusu hivi akazima taa, boneti wazi, injini iko sailensa, yaani inaunguruma tu bila kukanyagwa mafuta. Akachukua chupa ya kunyunyizia maji, ile ya saluni, akanyunyiza ukungu juu ya waya. Akaniambia nikae kwenye usukani nikanyage mafuta kwa ghafla na kuachia, mdogo wangu niliyekuwa naye safarini ndio akawa anaangalia, afu tukabadilishana. Nilichokiona sijakisahau: waya namba tatu inatoa cheche za bluu kama vimulimuli, zinaruka kwenda kwenye kibano cha chuma, nyingine zinatambaa mpaka kwenye waya namba nne iliyolala pembeni yake. Umeme ulikuwa unavujia njiani kabla haujafika kwenye plagi. Nikanyoosha kidole nimwonyeshe mdogo wangu, nikapigwa shoti mpaka kiwiko kikaganda. Mzee akacheka sana. Usisogeze mkono pale jamani, ni volti elfu kumi na kitu mpaka zaidi ya elfu ishirini zile, na kwa mwenye matatizo ya moyo sio mchezo.

Afu akanieleza, na hii ndio sehemu ambayo duka zima la Gerezani halikunieleza. Cheche haina ubavu wa kudumu, inapewa volti kadiri kazi inavyodai. Ukiwa sailensa au tambarare hewa inayoingia kwenye silinda ni kidogo, ikibanwa haibaniki sana, cheche inaruka kirahisi. Ukikanyaga mafuta mpaka chini mlimani silinda inajaa, mgandamizo unapanda, na hewa iliyobanwa ni ngumu kwa cheche kupenya, kwa hiyo koili, kile kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, inalazimika kupandisha volti. Sasa umeme nao ni mvivu, unatafuta njia ya mkato. Kama waya ina ngozi dhaifu, volti zikipanda unatokea pale pale ubavuni mwa waya unaingia kwenye chuma, plagi inabaki inasubiri. Ongeza unyevu wa Kitonga. Ndio maana nilipopunguza mafuta gari ilitulia, volti iliyotakiwa ilishuka ikawa chini ya uwezo wa ile ngozi.

Na mimi nilikuwa nimeongeza tatizo la pili bila kujua. Mzee alichukua kipande cha jino la msumeno wa chuma, ambacho unene wake ni kama milimita 0.6, akakipitisha kwenye mwanya wa plagi zangu za iridiamu, kikaingia na kutoka kama mwizi kwenye nyumba isiyo na mlango. Mwanya ulikuwa milimita 1.1. Injini yangu inataka 0.8. Kwenye boksi namba ya plagi ilikuwa inaishia na 11, yaani mwanya wa 1.1, na mimi nilidhani ni namba tu. Mwanya ukiwa mpana cheche inadai volti nyingi zaidi kuruka, kwa hiyo mwanya mpana, waya dhaifu, mlima, na ukungu vilikutana siku moja sehemu moja. Ukiniuliza kosa lilikuwa la nani nitakwambia waya, ila plagi ilimsukuma.

Zile waya tulizichana kwa kisu. Nje plastiki nyekundu imevimba, ndani nyembamba, na katikati nyuzi za shaba tupu. Shaba tupu ndio iliyokuwa inaipigia kelele redio. Waya za kiwandani katikati zina karboni, au waya mwembamba uliozungushwa kama springi, makusudi ziwe na ukinzani, yaani ziuzuie umeme kidogo, ili zisirushe mawimbi hovyo. Ukizipima kwa maltimita, kile kipimo cha umeme, kitabu cha Toyota kinataka ukinzani wa kila waya usizidi omu elfu 25. Zangu zilisoma karibu na sifuri, na kuna mtu atasikia sifuri atafurahi, atasema umeme unapita bila kizuizi. Hapana. Kwa gari ya kawaida hiyo inakupa makelele kwenye redio, na kwa gari yenye kompyuta inaweza kuichanganya kabisa. Zikisoma juu sana, au zisiposoma kabisa, karboni imekatika ndani, na hizo ndio nyingi za mtumba zinavyokuwa, kwa nje nzuri imeandikwa Kijapani na kwa ndani imeshaachana. Ndio maana waya za mtumba sinunui tena hata nipewe bure. Plagi za mtumba ndio usiniambie kabisa.

Unene nao unadanganya watu. Waya ya milimita 7 iliyofunikwa silikoni nzuri inaishinda ya milimita 8.5 yenye plastiki ya ndoo. Ule unene kwa sehemu kubwa ni ngozi, haibebi umeme zaidi, kwa hiyo swali ni ngozi ya nini, na ina uvumilivu gani wa joto. Vichwa vya mpira vikae vimebana, ukivichomeka usikie vimeingia. Na urefu! Za kwangu mbili zilikuwa ndefu zinaning'inia karibu na ekzosi, moja fupi imevutika. Seti nzuri ya 22R inakuja na waya nne za plagi na moja ya kutoka koili, kila moja kwa kimo chake. Na vile vibano vya plastiki vya kutenganisha waya, ambavyo fundi wengi wanavitupa, usivitupe. Mpangilio wa kuwaka wa injini hii ni 1-3-4-2, maana yake tatu ikishapiga inayofuata ni nne, na ni majirani. Waya hizo mbili zikilala pamoja urefu mrefu, moja inaweza kuiambukiza mwenzake umeme ikapiga kabla ya zamu yake. Zitenganishe, au kama lazima zikutane zipishane kama msalaba.

Nikarudi Dar wiki ile ile. Safari hii nilikuwa na maltimita mfukoni na karatasi imeandikwa namba. Kwa 22R ni NGK BPR5EY au Denso W16EXR-U, hizo ndio kitabu kinazitaja. Muuzaji wa duka la kwanza akaniambia hiyo ni ya kizamani. Sawa, na gari yangu ni ya kizamani.

Ile namba usiione ni mapambo, inasomeka. Chukua hiyo ya NGK: B ni nyuzi za kukazia zenye upana wa milimita 14 na kichwa cha soketi ya 21, P maana yake kauri ya ndani imejitokeza mbele, R ina resista ndani, yaani kipande cha ukinzani, 5 ni kiwango cha joto, E ni urefu wa nyuzi milimita 19, na Y ni ile ncha yake ya katikati imekatwa mfereji kama herufi V. Kosea urefu uone, fupi inaacha nyuzi za hedi (kichwa cha injini) zinajaa masizi, ndefu inaweza kugongana na pistoni. Ila kinachochanganya wengi ni hiyo 5 ya joto. Kwa NGK na Denso namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi, yaani inapeleka joto kwenye hedi haraka. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba kubwa ndio ya moto. Na 16 ya Denso ndio 5 ya NGK. Sasa mtu anatoa NGK 5 anaomba Champion yenye namba hiyohiyo, anaondoka anafurahi.

Plagi inatakiwa ikiwa kazini ncha yake ipite nyuzi joto kama 450 hadi 500 ili ijiunguze masizi yenyewe, na isifike 800 na kitu, maana hapo inakuwa kaa la moto linawasha mafuta kabla ya cheche, na hiyo ndio inatoboa pistoni. Mimi nabeba mzigo na kuna watu wamenishauri nipande namba moja niende 6. Nimefikiria. Kama ningekuwa nashinda mlimani mwaka mzima labda, ila nusu ya maisha ya gari yangu ni foleni ya Mbezi, na plagi ya baridi kwenye foleni inajaa masizi. Nimebaki na 5.

Na iridiamu? Sina ugomvi nayo. Ile halisi ina ncha nyembamba kama sindano, na ncha nyembamba inahitaji volti ndogo kuruka, na chuma chenyewe kinayeyuka kwenye nyuzi 2446 wakati nikeli ni 1455, kwa hiyo inakaa muda mrefu mno. Kwenye gari ya V6 ambayo kufikia plagi za nyuma lazima ufungue nusu ya injini, weka iridiamu ulale. Kwenye 22R plagi nne ziko wazi, dakika ishirini umemaliza, za nikeli nabadilisha kila kilomita elfu 20 na bado sijafika bei ya iridiamu moja. Halafu zile wanazoziita za kopa, yaani shaba, kopa iko moyoni kwenye kiini, ncha yenyewe ni mchanganyiko wa nikeli. Mtu asikuuzie kopa kama dhahabu.

Kwenye feki ndio nilipoteza muda mwingi. Kwenye duka la pili nilimwomba muuzaji aniruhusu nifungue boksi zote nne, akanuna ila akakubali. Naangalia ile washa ya chuma kwenye nyuzi: kwenye halisi inazunguka lakini haitoki kwa vidole, kwenye feki moja ilinidondokea mkononi. Naangalia ncha ya katikati kama iko sawasawa na mkono wa juu, feki nyingi zimepinda utadhani zimefungwa na mlevi. Naangalia maandishi kwenye kauri kama yamekaa sawa au yanafutika ukisugua. Afu napima, kutoka kichwa cha juu mpaka ncha ya ndani, plagi yenye R inasoma karibu omu elfu 5, ikisoma elfu 4 au 6 sina neno nayo. Zile nilizouziwa mwanzo, zenye R imeandikwa kubwa, mbili zilisoma sifuri. Resista haikuwemo kabisa. Bei nayo inaongea, boksi la jina kubwa likiuzwa nusu ya bei ya duka la jirani wala usijisumbue kutoa maltimita.

Muuzaji yule mwishoni alianza kupima na yeye. Nikamwachia karatasi yenye namba.

Kufunga nilifunga mwenyewe, injini ikiwa imepoa, maana hedi ya 22R ni aluminiamu na ukichomoa plagi ikiwa ya moto unaweza kung'oa nyuzi. Nilipuliza uchafu kwanza pembeni ya plagi usiingie ndani. Nikahakikisha mwanya 0.8 kwa fila, kile kipimo cha mwanya, sio kwa msumeno. Nikaingiza kwa vidole mpaka mwisho, afu soketi nusu mzunguko na kidogo tu, basi, kuna fundi wanakaza plagi kama nati za tairi. Waya nikabadilisha moja moja, natoa moja naweka moja, sikuzichomoa zote kwa mpigo, maana nawajua waliozichomoa zote wakajikuta gari inapiga baruti. Nilikuta pia kofia ya distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi, ina unga mweupe kwenye meno yake na ufa mwembamba kama unywele, nikainunua mpya na rota yake. Kwa kweli kama ningeanza na hiyo kofia na waya nzuri nyeusi tangu siku ya kwanza, zile plagi za zamani pengine zingenipeleka mwezi mwingine.

Nimepanda Kitonga mara tatu tangu hapo, mara moja kwenye mvua kubwa, na mara ya mwisho nilisimama Ilula kumpelekea mzee kilo mbili za sukari na fila mpya. Akaichukua, akaiweka kwenye boksi juu ya kile kipande cha msumeno. Redio siku hizi naiacha wazi njia nzima, krrr hakuna, ila kuna kona moja katikati ya mlima bado inakata, na hiyo nimekubali kwamba ni mlima.